Wawili kwa boti moja: kutoka Norfolk hadi Miami kwa maji ya ndani

Pwani ya mashariki ya Marekani ina njia ya maji inayopita nyuma ya visiwa vya mchanga, ikiunganisha mito, hori, vinamasi na mifereji ya kuchimbwa. Jina lake rasmi ni Atlantic Intracoastal Waterway. Hapa tutaiita Njia ya Ndani. Maili sifuri iko Norfolk, Virginia, na Miami iko karibu na maili 1,089. Maili hizo ni za nchi kavu, yaani kilomita 1.6 kila moja, si za baharini zenye kilomita 1.85. Hesabu za wengi huharibikia hapo: boti inayokwenda noti 6 (maili 6 za baharini kwa saa) hukata maili 6.9 za Njia ya Ndani kwa saa.

Watu wawili wanatosha kabisa kuisafiri. Mawimbi makubwa ni machache na usiku mnalala. Kinachochosha ni kuangalia. Kwenye mifereji njia ina upana wa futi 90 hivi, na nje yake kuna matope, visiki au mawe. Dakika tano za kuchezea simu zinatosha kuipandisha boti kwenye fungu la mchanga. Mambo mawili ndiyo yatakayowapangia siku: saa ya maji na saa ya madaraja. Mkizijua hizo, yaliyobaki ni kazi ya kawaida ya chombo.

Boti yenyewe

Kabla ya kununua hata kamba, pimeni boti inazama kiasi gani chini ya maji na inasimama kiasi gani juu yake. Kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, ambacho ndicho kinachoitunza njia hii, kimeidhinishiwa kina cha futi 12 kutoka Norfolk hadi Fort Pierce, na futi 10 kutoka hapo hadi Miami. Hicho ni kina cha kwenye karatasi. Mchanga huhama kila dhoruba, na kuna mahali maji yakipwa hubaki futi 5 au 6 tu. Boti inayozama futi 4 (mita 1.2) hupita karibu popote. Ya futi 5 inataka uangalifu, na ya futi 6 lazima ipangiwe saa ya maji kujaa kwenye sehemu zitakazotajwa hapa chini.

Kwa juu, madaraja yasiyofunguka yamejengwa kwa futi 65 (mita 19.8). Daraja la Wilkerson huko North Carolina lihesabuni kuwa la futi 64, na la Julia Tuttle huko Miami lina futi 56 tu. Msiamini urefu wa mlingoti ulioandikwa kwenye karatasi za mtengenezaji. Fungeni utepe wa kupimia kwenye henza (kamba ya kupandishia) ya tanga kuu, upandisheni hadi kwenye roda (kapi ya juu ya mlingoti), soma kipimo usawa wa sitaha, kisha ongezeni kimo cha sitaha kutoka majini na kila kilicho juu ya roda: taa ya nanga, antena, kionyesha upepo. Antena ya plastiki ikikwaruza chini ya daraja haina neno. Taa ikigonga, mtalala gizani.

Kwa wawili, boti ya futi 30 hadi 38 inafaa zaidi. Kubwa kuliko hapo huwa na nafasi nzuri ya kulala, lakini upepo wa ubavuni ukiikamata wakati wa kufunga gatini, mtu mmoja kwenye kamba haiwezi.

Majira, siku na dizeli

Msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Kwa hiyo boti nyingi hushuka kusini mwishoni mwa Oktoba na Novemba, baridi ikianza kusukuma kutoka nyuma. Someni bima yenu neno kwa neno: nyingi hukataza kuvuka mstari fulani kuelekea kusini kabla ya 1 Novemba, na mkivuka mapema, hasara yoyote ni yenu.

Mwezi wa Novemba mchana ni wa saa kumi na nusu hivi, na ukizidi kwenda kusini hali haibadiliki sana. Usiku msisafiri. Alama nyingi hazina taa, na magogo na maboya ya mitego ya kaa hayaonekani. Mkisafiri saa 7 kwa siku kwa noti 6, mnakata maili 48. Safari nzima ni siku 23 za mwendo, au saa 158 za injini. Ongezeni theluthi moja kwa ajili ya upepo mbaya, kufua nguo na kupumzika, na hapo panga wiki tano ili msikimbizane na kalenda. Ratiba ya kukutana na mtu mahali fulani siku fulani ndiyo huwatoa watu bandarini siku ambayo hawakupaswa kutoka.

Injini ya dizeli ya nguvu farasi 30 kwa mwendo huo hula kama lita 3 kwa saa, kwa hiyo safari nzima itahitaji lita 475 hivi. Tangi la lita 120 ni saa 40, lakini jazeni likifika nusu, yaani kila baada ya siku tatu. Sababu si kuishiwa tu. Tangi tupu huvuta unyevu, na boti ikitikisika uchafu wa chini huingia kwenye filta. Katika Georgia, ambako vituo viko mbalimbali, ingieni na tangi limejaa.

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za Marekani hurudishwa nyuma saa moja. Madaraja hufuata saa mpya asubuhi hiyohiyo. Hakikisheni jedwali lenu la maji kujaa na kupwa nalo limebadilika, maana si programu zote hubadilika zenyewe.

Kugawana kazi

Mazoea ya wengi ni kwamba mume anashika usukani na mke anahangaika na nanga na kamba. Mara nyingi inafaa kinyume chake, kwa kuwa kwenye nanga na kamba ndiko kunakohitajika nguvu, na usukani unahitaji utulivu. Vyovyote mtakavyogawana, kila mmoja awe anaweza peke yake kuwasha na kuzima injini, kutia nanga, kuita kwenye redio na kurudi kumwokota aliyeanguka majini. Fanyeni zoezi hilo kabla ya kuondoka: tupeni mto wa kukalia baharini bila kutangaza, na aliye kwenye usukani auokote bila kusaidiwa. Atakayekuwa majini siku ya kweli huenda akawa yule mwenye ujuzi zaidi.

Redio iwe na namba yake ya utambulisho ya MMSI, iliyosajiliwa, na iunganishwe na GPS. Bila hayo kitufe chekundu cha dharura hakiwezi kueleza nyinyi ni nani wala mko wapi.

Badilishaneni usukani kila saa. Mmoja anaangalia maji, mwingine anaangalia ramani na kutaja alama inayofuata kwa namba: "Kijani 37, kushoto, nusu maili." Aliye kwenye usukani hurudia. Inachosha masikio siku ya kwanza. Siku ya tatu inakuwa kama kupumua. Kwenye nanga msipigiane kelele, injini itameza maneno na yatakayofika yatafika kama matusi. Tumieni mikono. Kunyoosha kidole ni upande mnyororo wa nanga ulipo, ngumi ni gia huru, kiganja chini ni polepole, na mkono kuzungushwa juu ni rudi nyuma. Ishara nne zinatosha.

Alama, ramani na kutazama nyuma

Mkielekea kusini, alama nyekundu ziwe kulia na za kijani kushoto. Penye mito mikubwa na milango ya bahari (mianya kati ya visiwa), alama za meli huingiliana na zenu na rangi zinaweza kugeuka. Hapo rangi si kitu tena. Tafuteni kibandiko cha manjano. Pembetatu ya manjano iwekeni kulia, mraba wa manjano kushoto, hata kama pembetatu imebandikwa kwenye boya la kijani. Wanaosahau hilo kwenye mto Cape Fear huishia upande usio wao.

Ramani za kielektroniki zina mstari wa zambarau unaoonyesha Njia ya Ndani. Ni mwongozo wa jumla tu, na kuna mahali unapita juu ya fungu. Pakueni vipimo vya kina vya karibuni ambavyo kikosi cha wahandisi huviweka wazi kwenye intaneti, hasa kwa sehemu zilizo jirani na milango ya bahari, kwa sababu huko ndiko mchanga huingia na kila mkondo.

Kati ya alama mbili, mkondo wa ubavuni husukuma boti huku pua ikiwa imeelekea sawasawa mbele. Anayetazama mbele tu haoni kitu. Geukeni. Kama alama mliyotoka na alama mnayoiendea haziko kwenye mstari mmoja na boti, mmeshasogea. Sogezeni pua kuelekea mkondo unakotoka mpaka mstari unyooke, hata kama boti itaonekana inatembea kikaakaa.

Kipima kina kiwekewe kengele futi 2 zaidi ya kina cha mkuku (uti wa chini wa boti), na mjue kinapima kutoka wapi: usawa wa maji, kwenye kipimo chenyewe au chini ya mkuku. Kwenye boti moja tofauti hiyo inaweza kufika futi 4.

Madaraja na malango ya maji

Virginia na North Carolina waendesha madaraja husikiliza chaneli 13 ya VHF, redio ya vyombo vya majini. South Carolina, Georgia na Florida ni chaneli 9. Chaneli 16 iacheni kwa wito na dharura. Semeni jina la daraja kwanza, kisha jina la boti na mnaelekea wapi: madaraja mengi hushiriki chaneli moja, na ukisema tu "daraja, tafadhali fungua" watajibu wawili au hatajibu yeyote. Redio ikikataa, honi moja ndefu ikifuatiwa na moja fupi huomba kufunguliwa. Mkijibiwa hivyohivyo, mnafunguliwa. Honi fupi tano maana yake halifunguki, kaeni mbali.

Mengi hufunguka kwa ratiba, na yale ya mijini hukaa yamefungwa asubuhi na jioni watu wakienda na kutoka kazini. Hesabuni mwendo ili mfike dakika tano kabla, si nusu saa kabla. Kusubiri mbele ya daraja huku mkondo unawasukuma kuelekea kwenye nguzo ni kazi ngumu kuliko kusafiri. Mkondo ukiwa nyuma yenu, subirini mbali, pua ikiangalia mkondo, msogee daraja likishaanza kuinuka. Boti inayopelekwa na mkondo ndiyo huingia kwanza kwa sababu ndiyo yenye shida ya kusimama.

Kutoka Norfolk kuna njia mbili. Ya Virginia Cut ni pana na ina lango moja la maji (chumba cha kuinulia na kushushia boti), Great Bridge, ambalo hupandisha au kushusha futi chache tu. Daraja lililo jirani nalo hufunguka kila saa kamili mchana, na lango hufanya kazi kwa kulisubiri. Ya pili ni mfereji wa Dismal Swamp, maili 22, uliofunguliwa mwaka 1805, maji meusi kama kahawa chini ya miti. Una malango mawili, Deep Creek na South Mills, na kina cha futi 6. Unapendeza mno, na kwa boti inayozama zaidi ya futi 5 tungeuacha. Magogo hulala chini ya maji, matawi hukwangua mlingoti, na gugu dogo la kijani linaloelea huziba chujio la maji ya kupoza injini. Ukame ukizidi hufungwa. Maji hayo meusi huchora masharubu ya kahawia kwenye omo (sehemu ya mbele) la kila boti. Maji ya limau huyatoa, ingawa wengine huyaacha kwa fahari.

Ndani ya lango la maji tumieni kamba mbili, ya omoni na ya tezini (nyuma), dapra (mito ya kukinga ubavu) zote zikiwa upande wa ukuta. Kamba izungushwe kwenye kigingi na mwisho wake ubaki mkononi. Msiifunge. Maji yakishuka na kamba imefungwa, boti huning'inia. Yakipanda, kamba huvuta omo chini mpaka kitu kikatike.

Upepo kabla ya kupwa na kujaa

Sehemu ya kaskazini ya North Carolina haina maji kujaa na kupwa ya kutajika. Upepo ndio hupandisha na kushusha maji huko. Ukivuma siku mbili kutoka upande mmoja, kina kinaweza kuongezeka au kupungua futi moja au mbili, na jedwali haliwezi kukwambia. Mwenye mlingoti wa futi 63 asome ubao wa vipimo kwenye nguzo ya daraja la Wilkerson kabla ya kupita, maana ubao huonyesha nafasi iliyopo saa ile.

Albemarle Sound ni maji mapana yenye kina cha chini ya futi 20 sehemu kubwa. Upepo wa noti 20 hapo huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, ambayo kwa boti ndogo ni mabaya kuliko mawimbi marefu ya bahari. Vukeni asubuhi, upepo ukiwa chini ya noti 15, na msivuke upepo ukitoka mbele yenu. Daraja la mto Alligator, ng'ambo ya pili, halifunguki upepo ukizidi noti 34, kwa hiyo mnaweza kuteseka kuvuka na bado mkafungiwa nje.

Baada ya mji wa Beaufort wa North Carolina kuna kambi ya kijeshi ya Camp Lejeune. Mazoezi ya silaha yakiwepo, njia hufungwa kwa saa kadhaa na boti za ulinzi husimama pande zote mbili. Sikilizeni matangazo ya walinzi wa pwani kila asubuhi. Kisha mto Cape Fear: kutoka Snows Cut hadi Southport ni maili kama 12. Mkishuka na maji yanayopwa mtapata noti 2 au 3 za bure. Mkipingana nayo, boti ya noti 6 itakwenda 3. Lakini upepo wa kusini ukivuma dhidi ya maji yanayotoka, mto hutibuka. Siku hiyo bora kusubiri.

Karibu na North Myrtle Beach, kuanzia maili 349 hivi, mfereji umechongwa kwenye mwamba na kingo zake zina meno ya mawe yanayofichwa na maji yakijaa. Kabla ya kuingia, tangazeni kwenye redio kwamba mnaingia na ulizeni kama kuna tishari linalokuja. Boti ndogo mbili hupishana vizuri hapo. Ninyi na tishari, hapana.

Kusini mwa Charleston: maji ndiyo bwana

Hapa ndipo mpango wa siku hugeuka kuwa hesabu. Kutoka South Carolina hadi mpaka wa Florida, maji hupanda na kushuka futi 6 hadi 9 (mita 1.8 hadi 2.7). Georgia peke yake ni maili kama 140 za hori zinazopindapinda, na sehemu tatu zina sifa mbaya: Hell Gate karibu na maili 602, Little Mud River karibu na 655, na Jekyll Creek karibu na 683. Ziingieni maji yakiwa nusu na yanaendelea kujaa.

Kwa nini yanayojaa, si yaliyojaa kabisa? Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote kwa 12: saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa maji ya futi 8, saa ya tatu na ya nne kila moja huondoa futi 2. Hiyo ni inchi 4 kila dakika 10. Boti ikigusa katikati ya kupwa, mpaka mmalize kubishana ni nani alikuwa anaangalia, inchi 4 zimeshaondoka na mmepwelewa. Mkigusa saa moja baada ya maji kujaa, mnakaa saa 10: tano za kushuka, tano za kupanda. Bamvua, yaani siku za maji kujaa kupita kawaida, hufanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwa sababu ukipanda fungu kwenye kilele cha bamvua, maji ya kesho huenda yasifike tena pale. Mkigusa maji yakijaa, wekeni chai jikoni, yatawainua yenyewe.

Mkondo nao hugeuka katikati ya hori. Maji yanayojaa huingia kutoka mlango wa bahari wa kaskazini na wa kusini kwa wakati mmoja na kukutana katikati. Kwa hiyo mkiuacha mlango mmoja na maji yakijaa, mtasukumwa nusu ya kwanza na kupingwa nusu ya pili. Penye kukutana huko maji hutulia na kuangusha matope, ndiyo maana sehemu nyingi za kina kidogo haziko mlangoni bali katikati.

Mkikwama

Toeni gia mara moja. Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuongeza moto ili "kuruka" fungu, na linapandisha boti zaidi na kujaza matope kwenye chujio la maji. Kisha, kwa mpangilio huu:

1. Mmoja aangalie ngama (sakafu ya chini kabisa ya boti) kama maji yanaingia. Mwingine aangalie jedwali: yanajaa au yanapwa?
2. Rudini nyuma polepole kwa njia mliyoingilia, kwa sekunde 20 tu. Maji ya matope yakianza kutoka kwenye bomba la moshi, acheni.
3. Kama ni boti ya tanga, sukumeni foromali (mti wa chini) ya tanga kuu nje kabisa na mmoja wenu akae mwishoni mwake, au wekeni huko magaloni ya maji. Boti ikilala upande, mkuku hupanda inchi kadhaa.
4. Chukueni nanga ya pili kwa kidau, mkaitie mbali upande wenye kina, na kuvuta kwa winchi. Hata isipowatoa, itazuia msisukumwe zaidi.
5. Maji yakipwa na mmeshindwa, zimeni injini, fungeni madirisha ya upande utakaolalia, na subirini. Walinzi wa pwani huja kuokoa maisha, hawaji kuvuta boti iliyokaa salama kwenye matope. Uanachama wa mwaka wa kampuni ya kuvuta boti mnunue kabla ya safari, maana bila huo malipo huhesabiwa kwa saa, tangu boti yao itoke kwao hadi irudi.

Mkitoka, fungueni chujio la maji na kulisafisha kabla ya kwenda popote.

Injini ikipata joto

Karibu kila mara chanzo ni maji ya kupoza. Tazameni bomba la moshi: kama halitoi maji, zimeni, tieni nanga papo hapo hata katikati ya njia, kisha tangazeni kwenye redio. Anzeni na chujio. Likiwa safi, fungueni bomba baada yake. Maji yakiruka, tatizo liko mbele kwenye pampu.

Fungeni vali ya maji ya bahari. Tandikeni kitambaa chini ya pampu, kwa sababu skrubu za kifuniko ni ndogo na ngama inazipenda. Toeni impela (gurudumu la mpira la pampu) na mhesabu mapezi yake. Ikiwa ilikuwa na mapezi sita na yamebaki manne, mawili yaliyokatika hayajapotea. Yamekwama kwenye kiwiko cha mpira au kwenye mdomo wa kipoza joto. Lazima yatoke. Impela mpya juu ya vipande vilivyokwama itapoza injini nusu nusu, na kesho mtarudi palepale. Pakeni mpya sabuni ya vyombo, iingizeni huku mkiizungusha upande injini inakozunguka ili mapezi yote yalale upande mmoja, wekeni gasketi, fungeni skrubu kwa zamu, fungueni vali, washeni. Maji yatoke ndani ya nusu dakika.

Bebeni impela 2 na gasketi zake, mikanda 2, filta 4 za dizeli za kwanza na 2 za pili, oili ya kubadilisha mara mbili, na kisu cha meno kwa ajili ya kamba za mitego ya kaa. Kamba ikiingia kwenye propela, anayezama kuikata awe na ufunguo wa injini mfukoni mwake mwenyewe.

Nanga usiku

Urefu wa mnyororo huhesabiwa kwa maji yakijaa, si kwa kina mlichokikuta. Kina cha mita 3, kimo cha omo mita 1.2, maji yatakayopanda mita 2.4: jumla mita 6.6. Mara 5 kwa mnyororo mtupu ni mita 33. Mara 7 kwa kamba ni mita 46. Rudini nyuma polepole hadi mnyororo unyooke, kisha ongezeni moto kwa nusu dakika mkiangalia miti miwili ya ufukweni iliyopangana. Georgia mkondo hugeuka kila saa sita na boti huzunguka upande wa pili, nanga ing'oke na ijichimbie upya. Amkeni mara moja usiku, maji yakigeuka, mhakikishe imeshika. Wekeni nyavu za matundu madogo kabisa kwenye madirisha: usubi wa vinamasi hivyo hupita kwenye chandarua cha kawaida.

Tangi la choo la lita 75 huwatosha wawili siku sita hivi. Ndani ya maili 3 za baharini kutoka pwani ni marufuku kumwaga kinyesi kisichosafishwa, na Njia ya Ndani yote imo humo, hivyo pangeni vituo vya kunyonya kama mnavyopanga dizeli.

Florida

Kutoka Fernandina Beach, maili 716, kupwa na kujaa hupungua na watu huongezeka. Kuna maeneo ya nguva yenye mwendo wa polepole kwa sheria. Mengine ni ya msimu, 15 Novemba hadi 31 Machi, basi kila kibao kisomwe na tarehe zake. Kuvuka mto St. Johns mkondo ni mkali kwa ubavu, na Matanzas Inlet, maili 793, mchanga huhama mara kwa mara.

Boti kubwa ikitaka kuwapita, nyinyi mnaokwenda polepole punguzeni hadi noti 3 au 4. Inaonekana kama adabu iliyogeuzwa, lakini msipopunguza yeye hawezi kuwapita bila kuongeza mwendo, na mawimbi yake yatamwaga kila kilicho mezani.

Kusini mwa Palm Beach madaraja ya kufunguka ni mengi na ya karibukaribu, mengine kila saa na nusu saa, mengine robo na kasorobo. Pangeni siku nzima kwa karatasi usiku uliotangulia: ukikosa moja unakosa yanayofuata.

Fort Lauderdale, maili 1,064, mwenye mlingoti unaozidi futi 55 hana budi kuamua. Julia Tuttle halitampisha, kwa hiyo atoke baharini kupitia Port Everglades na kuingia Government Cut, Miami. Ni maili zipatazo 20 za baharini. Mkondo wa Gulf Stream unapita karibu hapo ukielekea kaskazini, basi kaeni kandokando ya ufuko, na msitoke upepo ukitoka kaskazini, kwa kuwa ukipingana na mkondo bahari husimama wima. Njia kuu ya meli Government Cut hufungwa kwa boti ndogo meli za kitalii zikiwa gatini. Hapo shikeni njia ya maji iliyo kusini mwa Dodge Island.